Msimu wa Joto, Nyumba ya Pili

6 Januari

Mkuu amenipa daftari lenye safu nne: alfajiri, saa nane mchana, jioni, maelezo. Safu ya maelezo ni nyembamba kama uzi na mimi nina maneno mengi, kwa hiyo nimejinunulia daftari langu pembeni.

Nianze na mahali. Ofisi yetu ya wasanifu majengo imejenga nyumba sita za mfano huku pembezoni mwa mji, ambako mwaka juzi kulikuwa na mashamba na sasa kila wiki linainuka paa jipya. Ni nyumba zisizohitaji feni. Kuta ni nene, za matofali ya udongo ulioshindiliwa. Paa lina tabaka mbili ili upepo upite katikati. Juu ya kuta kuna matundu ya hewa. Vyumba vya kulala viko mashariki. Magharibi tumeweka stoo, bafu na jiko, ili jua kali la alasiri limalize hasira zake huko. Mkuu ndiye aliyebuni. Mimi ndiye mchoraji wake, kila mstari umepita mkononi mwangu.

Mwisho wa Machi kamati ya makazi ya manispaa itaamua kama zijengwe nyumba mia nne kwa mchoro huohuo. Mpaka hapo nikae ndani, nipime joto, nipeleke takwimu. Kati ya nyumba sita, tatu ndizo zina watu. Sisi tuko ya pili, mimi na mama. Tangu baba afariki mwezi wa nane mama amekuwa akikaa peke yake, na kaka, anayeishi mji mwingine, alisema isiwe hivyo.

Mama amezunguka vyumba vyote mikono nyuma, kama mkaguzi. "Nzuri," amesema. Halafu akauliza, "Umeichora wewe?"

"Mimi."

"Basi tutakaa."

7 Januari

Alfajiri 25. Mchana 30, kasoma mama. Jioni 33. Nimepapasa swichi ya bafuni upande wa kushoto, kumbe iko kulia. Mafundi hawa.

11 Januari

Jumapili, nimewapelekea majirani vipimajoto na kuwaeleza namna ya kusoma.

Nyumba ya kwanza anakaa fundi cherehani, mwanamke wa rika langu, na mumewe ambaye ni mlinzi wa usiku. Mume hulala mchana. Leo alitoka chumbani macho mekundu, akanisalimu kwa adabu, akarudi ndani. "Hapati usingizi," mkewe akasema huku akipitisha uzi kwenye sindano. "Anasema kitanda kinachemka." Nikamwonyesha pasi yake ya mkaa iliyokuwa mezani. Nikamwambia pasi hiyo peke yake inatosha kuchemsha nyumba. Akaendelea kushona.

Nyumba ya tatu yuko dereva mstaafu wa malori, mzee mmoja mchangamfu ambaye kila mtu anamwita Mzee Breki. Alinipokea kama waziri. Alitaka kujua hizo namba zinakwenda wapi, nani anazisoma, na kama jina lake litaandikwa. Nikamwambia zinakwenda kwa kamati, na kwamba nyumba hizi zimejengwa ziwe za baridi, tunataka kulithibitisha hilo.

"Umefika," akasema. "Kazi yako umempa mtu."

15 Januari

Jioni 34. Tunatarajia isizidi 29.

22 Januari

Naondoka jua halijapanda, narudi limezama. Jumamosi na Jumapili niko ofisini na mchoro wa nyumba mia nne. Kwa hiyo habari za mchana nazipata kwa mama, na mama haniambii kama mpimaji, ananiambia kama mama.

Leo nilimkuta amekaa kwenye ngazi, kitambaa chenye maji shingoni. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeoka mikate miaka thelathini. Tanuri la matofali unalipasha moto, unatoa moto, unafunga mlango. Ndipo unaingiza mkate. Mkate hauivi kwa moto, unaiva kwa ukuta. Sasa mimi saa moja jioni ndiye mkate."

Nikamweleza. Ukuta mnene unachelewesha joto. Mchana ufunge madirisha, jioni ufungue, ukuta upoe. Nikachora hata kijishale cha upepo nyuma ya bahasha. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa subira aliyokuwa akiwapa wateja wanaomfundisha kuoka.

"Na joto linaingilia wapi, kama nimefunga?"

Nikasema ndiyo tunachopima.

30 Januari

Sielewi. Nyumba tatu, mchoro mmoja, mafundi walewale, kiwanja kimoja. Jioni ya leo: nyumba ya kwanza 36, yetu 34, ya Mzee Breki 27. Jana vilevile. Juzi vilevile.

Mkuu aliangalia namba akafurahi. "Hii 27 ndiyo nyumba yenyewe," akasema. "Hizo nyingine zina sababu." Sababu tukazitafuta na tukazipata. Kwa fundi cherehani ni pasi. Kwetu ni mama, anayefungua mlango kila mara. Tumekubaliana nyumba ya kwanza niwe napunguza nyuzi mbili kwa ajili ya pasi, niandike hivyo kwenye maelezo. Sikuona ubaya. Wastani umependeza.

Nikiwa kwenye basi nikajiuliza kwa nini mbili, isiwe moja, isiwe nne.

4 Februari

Swichi ya bafu tena. Mwezi mzima mkono wangu haujajifunza.

13 Februari

Leo nimeingia, nikaita, kimya. Chumbani kwa mama kitanda kimebaki vyuma na mbao, godoro halipo. Nikazunguka nyuma, nikaenda kwa fundi cherehani, nikarudi mbio. Mama alikuwa stooni. Amelaza godoro sakafuni katikati ya ndoo na magunia, mlango umefungwa, amelala fofofo.

Nikamwamsha. "Mama, unafanya nini humu?"

"Nalala."

"Hiki si chumba. Ni stoo."

"Nani kasema?"

"Mimi nimekichora."

Akanitazama sana. "Ulichora chumba, ukakiita stoo. Ukachora stoo, ukaiita chumba. Niache nipumzike."

Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Stoo haina hata dirisha, ina tundu dogo la hewa juu. Nikamshika mkono nimrudishe chumbani, akauvuta mkono wake kwa nguvu ambayo sikuijua. Mama hajawahi kuninyima mkono wake.

14 Februari

Nimerudisha godoro kabla ya kwenda kazini. Jioni nimelikuta stooni.

20 Februari

Mambo yanaongezeka. Ndoo, magunia na sufuria zisizotumika amezihamishia chumbani kwake, kwenye kitanda kisicho na godoro. Ametundika mablanketi mawili kwenye dirisha la chumba changu kwa nje, nyumba inaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Nikirudi nayatoa. Kesho yake yapo. Hatusemezani juu yake, tunatundika na kutungua.

Kaka amepiga simu. Nilimweleza, nikijua sikupaswa kumweleza. Akasema lile ambalo mimi nililikwepa: "Mama amechanganyikiwa. Bibi naye alianza hivihivi, kuhamisha vitu."

Bibi, mama yake mama, alimaliza miaka yake akipanga na kupangua sanduku moja.

1 Machi

Tumekwenda hospitali. Daktari ni kijana mpole. Alimwambia mama maneno matatu ayakumbuke: kiti, mvua, sabuni. Akamuuliza tarehe, mwaka, akamwambia achore saa. Mama alichora saa safi, akamuuliza kama aongeze na mshale wa sekunde.

"Unalala wapi, mama?"

"Stooni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndicho chumba cha kulala."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Niliona aibu, na sasa ninapoandika sijui ilikuwa aibu kwa ajili ya mama, au kwa kumsikia akisema hivyo kwa sauti iliyotulia kuliko yangu.

Baada ya dakika tano akamwomba yale maneno. "Kiti," mama akasema. "Sabuni." La tatu akalitafuta hewani, hakulipata. Daktari akasema huenda si kitu, huenda ni msiba, huenda ni joto, tumrudishe baada ya wiki sita.

Njiani mama akaniuliza, "Nimefeli?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa unatarajia nifeli."

5 Machi

Jioni 35. Ya tatu 27, kama kawaida yake.

12 Machi

Saa tisa kasorobo mama alipiga simu ofisini. Hajawahi kunipigia kazini. "Njoo," akasema. "Mlinzi ameanguka. Nimekwisha kumtoa mle ndani. Njoo na gari, si basi."

Nikapata gari la ofisi. Nilipofika, mlinzi alikuwa amelazwa stooni kwetu, kwenye godoro la mama, shati limefunguliwa, vitambaa vya maji kwapani na shingoni. Mkewe amekaa miguuni. Mama alikuwa amepiga magoti, anampa maji kwa kijiko, kimoja, anangoja, kingine.

Fundi cherehani alinisimulia vipande vipande. Alirudi kutoka sokoni, akasikia mumewe anaongea chumbani, akadhani yuko kwenye simu. Alikuwa anaongea na ukuta. Ngozi kavu, inaunguza, hamjui mkewe. Mama alisikia kelele, akaja, akamshika mabega, fundi akamshika miguu, wakamburuta hadi kwetu. "Mimi nilitaka kumpeleka barabarani tutafute gari," fundi akasema. "Mama akasema hapana, kwanza stooni apoe. Nikajua mama wa watu ana yake... Unisamehe, nilijua amechanganyikiwa, wewe mwenyewe ndivyo ulivyotuambia. Lakini mle ndani ni kama umeingia kisimani."

Tukampeleka hospitali akiwa amekwisha kuanza kumjua mkewe. Wamemlaza. Daktari wa zamu, si yule wetu, amesema angechelewa nusu saa tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Akauliza nani alimpoza. Nikasema mama yangu.

Mama hakuja hospitali. Kabla hatujaondoka niliingia chumbani kwangu kuchukua shuka. Ilikuwa saa tisa na nusu. Wiki tisa nimekaa kwenye nyumba ile, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuingia chumbani kwangu saa tisa na nusu mchana.

Jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Lilipita pembeni mwa mablanketi ya mama, ambayo asubuhi nilikuwa nimeyasogeza, likalala kitandani kwangu, likapanda ukutani. Nilisimama mlangoni na shuka mkononi. Nilijua kuna jambo halipo sawa lakini akili ilikataa kulitaja. Jua la saa tisa na nusu linatoka magharibi. Chumba changu kiko mashariki. Nimekichora mashariki.

Nikasikia honi ya gari nje. Nikaenda.

13 Machi

Sikuenda kazini. Asubuhi nilisimama uani na mchoro mkononi kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Jua likachomoza nyuma ya stoo. Nikageuza karatasi hivi, nikageuza vile. Ukiigeuza juu chini, jiko linakwenda palipo bafu. Haikubali. Kuna njia moja tu ya kuifanya nyumba hii ilingane na mchoro wa kwanza wa Mkuu: kuitazama kwenye kioo. Kushoto iwe kulia. Swichi pia.

Mafundi hawakukosea. Fundi hujenga karatasi aliyopewa. Karatasi aliyopewa imepinduliwa.

Mchana nikaenda kwa Mzee Breki, kwa sababu lile 27 sasa lilikuwa linanitisha. Kama nyumba zote zimepinduliwa, yake inapoaje? Alinikaribisha, akanipa kiti, nikaomba kuona kipimajoto. Akasita.

"Kiko bafuni."

Kilikuwa kinaning'inia kwa kamba juu ya beseni la maji, karibu kuyagusa.

"Mzee wangu, kwa nini hapa?"

"Si ulisema nyumba hizi ni za baridi, na mnataka ithibitike?" Alikuwa anachezea kofia yake. "Siku ya kwanza kilisoma 35. Nikaona binti wa watu atakwenda kuaibika mbele ya kamati. Nikakitafutia mahali pazuri."

"Na wewe unalala wapi?"

"Nje, nyuma, kwenye kitanda cha kamba. Mimi nimelala chini ya malori maisha yangu yote."

Sikuweza kumkasirikia. Yeye alitafuta mahali pazuri, mimi nilipunguza mbili. Tumefanya kazi moja.

14 Machi

Nimepata karatasi yenyewe kwenye kabati la ofisi. Manispaa walikuwa wamehamisha kiwanja kutoka upande mmoja wa barabara kwenda mwingine, na milango ikatakiwa kutazama barabara. Mchoro ulipaswa kupangwa upya. Mtu badala yake alibonyeza amri ya kupindua kwenye kompyuta, kazi ya sekunde mbili, akaacha majina ya vyumba na mshale wa kaskazini kama vilivyo. Pembeni kuna herufi za mchoraji. Ni zangu. Tarehe ni 16 Agosti.

Jioni nikamuuliza mama, "Tarehe kumi na sita mwezi wa nane nilikuwa wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Baba yako tulimzika tarehe kumi na tano. Kesho yake ulivaa ukaenda kazini. Nilikuambia usiende. Ukasema kuna karatasi inasubiriwa."

Siikumbuki siku hiyo. Nakumbuka ya kuzika, nakumbuka ile ya tatu yake. Katikati hapana kitu. Na katikati hapo ndipo nilipochora nyumba tunayoishi.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Kujua nini? Mimi sijui michoro. Niliona jua linaingia panapolala watu, na baridi imekaa na ndoo. Nikabadilishana nazo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kila siku. Ulinipeleka kwa daktari."

Nimelala stooni naye, godoro moja.

17 Machi

Mkuu alinifundisha kazi tangu nikiwa sijui kuchonga penseli, ndiyo maana nilimwekea karatasi mbili mezani, ya kwanza na iliyopinduliwa, ajionee mwenyewe. Alizitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akazitazama tena.

"Nani alipindua?"

"Mimi."

Akageuza ya pili, akaweka kidole chini. "Na hii sahihi ni yangu. Niliangalia nini siku hiyo?"

Nikamweleza beseni la Mzee Breki. Nikamweleza mbili zangu za pasi, ambazo alizijua. Nikamweleza mlinzi. Akasimama akaenda dirishani.

"Kura ni tarehe ishirini na sita," akasema. "Wakipitisha, kabla hawajachimba msingi tunawapa karatasi iliyo sahihi. Kimya kimya. Nani atadhurika?"

"Na wakianza kuchimba kabla?"

"Tutawawahi."

"Mkuu, karatasi hii tuliiwahi?"

Akakaa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee. Akasema miaka kumi amekuwa akiwabembeleza watu wa manispaa waache kujenga masanduku ya zege; wakisikia nyumba ya udongo imemwangusha mtu, hawatasikia neno la pili. Watarudi kwenye zege na feni. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, kwa sababu ni kweli. Nilitoka kwake sina uhakika kama ninakwenda kusema ukweli au kuua jambo jema.

22 Machi

Mlinzi ametoka hospitali. Amekonda. Mama amempa stoo mchana, analala humo, mama naye anahamia kibarazani na kazi zake. Amenisalimu kwa adabu ileile.

26 Machi

Ukumbi wa manispaa. Mkuu ndiye aliyetakiwa kuzungumza. Alisimama, akasema habari za kuta na paa, akafika kwenye takwimu, akafunga faili. "Takwimu ataeleza mchoraji wangu, amekaa humu," akasema, akakaa. Hakunitazama. Mpaka sasa sijui kama alinipa nafasi au alinitupia mzigo.

Nikaeleza yote. Nilisahau kupanga, nikaanza na beseni, nikaja pasi, nikamaliza na 16 Agosti. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu, alinikatiza.

"Samahani, binti, nimepotea. Nyumba hizi ni nzuri au ni mbaya?"

"Ni nzuri, mheshimiwa. Ila zimevaliwa nje ndani, kama shati."

Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "Na namba ulizotuletea miezi mitatu?"

"Hazifai."

"Zote?"

"Zetu za nyumba ya pili zinafaa. Alizisoma mama yangu."

Mjumbe mmoja akasema turudi kwenye zege, tusipoteze muda. Mwingine akamuunga mkono. Mwenyekiti akaandika kitu, akasema kabla ya kura yeye anataka kukaa mle ndani. Keshokutwa, saa tisa mchana.

28 Machi

Walikuja watano. Mama alivaa gauni lake la kitenge cha bluu. Hakuwasalimia kwa maneno mengi. Alichukua viti viwili akaviweka chumbani kwangu, akatungua mablanketi, akamwambia mwenyekiti, "Kaa, mwanangu. Dakika kumi na tano." Mwenyekiti, anayeogopwa na manispaa nzima, akakaa. Mjumbe wa zege naye akakaa. Mama akafunga mlango.

Tulisubiri sebuleni. Mkuu alikuwa anahesabu vigae vya sakafu kwa macho. Mlango ulipofunguliwa, mjumbe wa zege alikuwa amelowa mgongo mzima. Mama akawahamishia stooni, mmoja kwenye godoro, mmoja juu ya ndoo. Kipimajoto chumbani 37, stooni 28. Ukuta uleule, paa lilelile, hatua tisa katikati. Nilizihesabu.

Walikaa stooni zaidi ya dakika kumi na tano. Mwenyekiti ndiye aliyechelewa kutoka.

"Hapa panalalika," akamwambia mama.

"Ndipo ninapolala."

"Wewe ndiye msanifu?"

"Mimi nilikuwa naoka mikate."

Wameamua hivi: hakuna mia nne mwaka huu. Zijengwe nne zilizogeuzwa sawasawa, zipimwe msimu mwingine mzima, vipimajoto viwekwe na watu wao. Hizi sita ziwekewe kivuli upande wa magharibi kabla ya joto lijalo. Zege halikupita. Lakini na sisi hatukupita.

2 Aprili

Fundi cherehani amenirudishia kipimajoto akiwa mlangoni, hakuingia. Dada yake na watoto wanne walikuwa kwenye orodha ya zile mia nne. Sasa watakaa mwaka mwingine kwenye chumba kimoja cha bati, kando ya mtaro.

"Sikulaumu," akasema. "Mume wangu yuko hai. Ila dada ameniuliza, hata hiyo mbaya si afadhali? Yeye angelala stooni. Sikuwa na jibu. Wewe unalo?"

Nimelitafuta siku nzima na bado sina.

5 Aprili

Mvua ya kwanza. Alfajiri 22.

12 Aprili

Wiki sita zimetimia, tumerudi kwa yule daktari mpole. Nilikwenda nikiwa na uhakika. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia: mama hakuchanganyikiwa, mimi ndiye niliyekuwa nimechanganyikiwa, andika hivyo kwenye faili.

Akampa maneno matatu mapya. Baada ya dakika tano mama alikumbuka moja. Akamuuliza mwaka, mama akasema wa juzi. Akamwomba achore saa, na mama, aliyechora ile saa safi, aliweka namba zote upande mmoja, akaishika karatasi mbali na macho yake, akasema, "Hii imekaa vibaya, lakini sijui ni wapi."

Daktari alizungumza nami pembeni. Akasema inaonekana inaanza. Nikamwambia habari ya stoo, kwamba alikuwa sahihi, kwamba alimwokoa mtu, kwamba kamati nzima ilimsikiliza. Nilisema kwa haraka kama anayemtetea mtuhumiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Yote mawili yanaweza kuwa kweli," akasema.

Tumerudi nyumbani mvua ikinyesha. Nimekaa mezani na mchoro wa zile nne. Mkuu amenirudishia kazi bila maneno, ila amesema safari hii mama auone kabla yake. Kwa hiyo nimemweka kiti pembeni yangu, namwonyesha kwa penseli: jua linatoka huku, linazama huku. Stoo, bafu, jiko, upande huu. Hapa mlango. Hapa chumba chako.

Amefuata kila mstari kwa kidole. Amenisahihisha mahali pamoja, tundu la hewa la jikoni niliweka chini mno, na ni kweli niliweka chini mno. Halafu kidole kikasimama.

"Na baba yako umemweka wapi?"

Nilimtazama. Hakuwa na wasiwasi wowote, alikuwa anauliza kama anavyouliza habari ya matundu. Kumwambia ni kumzika upya mbele yake. Kutomwambia ni kumdanganya, na mwaka huu nimekwisha kuona uongo mdogo wa huruma unavyofanya kazi.

Mvua ilizidi kwenye paa. Yeye alingoja.

"Hapa, mama," nikasema, nikaweka penseli kwenye chumba cha mashariki. "Pamoja na wewe."

Akaridhika, akakunja mikono. "Vizuri," akasema. "Hawezi joto."